Siki Kwenye Chupa ya Ndizi

Mwenzangu, acha unachofanya unisome.

Ile harufu yangu ya ndizi, ya kutia kwenye peremende, imeharibika. Nimefungua chupa sasa hivi, siki tupu! SIKI!

Si unakijua kimeng'enya changu, lipasi? Kikiwa kikavu kinaunganisha asidi ya siki na alkoholi, ndizi inanukia. Kikipata maji kinabomoa kile kilichokijenga, siki inarudi. Basi kuna mtu ametia maji. Na kesho wakubwa wanachagua: njia yangu, au ile ya zamani ya mkuu wa maabara.

Nikafunika chupa, nikamfuata ofisini. Nimesema maneno matatu tu: "Mkuu, kazi imeharibika."

Hata hakuinua kichwa. Eti, "Pole, binti yangu. Siki, sio? Hivyo vimeng'enya ni vigeugeu."

Siki, sio?!

Nikajipa moyo, labda ameinusa kwenye koti langu. Hapo hapo akapiga chafya, akapenga kamasi.

Mwenzangu, yule mzee ana mafua tangu Jumatatu. Jana waya uliungua nyuma yake, moshi ukatanda, hakusikia harufu mpaka tukamvuta mkono.

Sasa niambie wewe, pua iliyoziba imenusaje chupa iliyofunikwa?