Pigano la Sehemu ya Tatu

Kianjokoma, Embu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na mvua haijakung'olea paa la jiko. Mimi nakula na kulala, alhamdulillahi. Najua Mwanaidi ndiye atakayekusomea. Mwambie asome yote, hata pale atakapotaka kuruka kwa kukuonea huruma. Umesikia kwa watu kwamba nimemuumiza mtu huku Kenya. Ni kweli, Mama. Nataka uyasikie kwangu.

Unaikumbuka ile filamu ya joka la milimani, ambayo marehemu baba alikuwa akinipeleka kuitazama kwenye kibanda cha video? Shujaa aliruka juu ya mianzi, akakata moto kwa upanga, na baba akapiga kelele kama mtoto. Filamu ile ndiyo iliyonifanya nianze karate. Sehemu ya pili ilipotoka, baba aliondoka kabla haijaisha. Shujaa alikuwa mtu mwingine kabisa, joka lilikuwa turubai, na zipu yake ilionekana mgongoni. Kwa hiyo niliposikia sehemu ya tatu itapigwa picha Kiirua, upande wa Meru, na kwamba wanatafuta wapiganaji, niliwaaga wanafunzi wangu wa karate wa Nairobi siku ileile. Nilidhani safari hii tutaitengeneza.

Hatukutengeneza kitu. Shujaa tuliyeahidiwa hakuja. Alikuja bwana mmoja aliyefanana naye kisogo tu, basi ikawa anapigwa picha kwa nyuma. Mashetani walivaa mablanketi yaliyopakwa rangi. Mapanga yalinunuliwa sokoni, yakasuguliwa kwenye jiwe ili yawe butu, na mengine hayakuwa butu. Kamba za kuturusha hewani zilikuwa zile za kufungia ng'ombe. Siku ya tatu moja ilikatika, mwenzetu akaanguka juu ya mawe, mfupa wa mguu ukachomoza nje ya ngozi. Alikuwa akilia kama mbuzi. Mwongozaji wa filamu aliuliza kwanza kama kamera imepata.

"Imepata," wakamjibu.

Tangu hapo alitaka damu. Alituambia, "Watu wamechoka kudanganywa. Pesa za ujanja sina. Pigeni kweli, kidogo tu."

Basi tukawa tunapigana kweli kidogo. Mmoja alichanika sikio, mwingine akavunjika vidole viwili. Mimi nilizoea kutema damu kabla ya chakula cha mchana.

Mpinzani wangu alikuwa Njeru, mkulima wa chai wa hapa Kianjokoma, aliyecheza ndondi ujanani. Yeye ndiye alikuwa mfalme wa mashetani. Mwili wake ni kama mlango wa ghala, lakini sauti yake ndogo, lazima usogee ili umsikie. Tulilala chumba kimoja. Huku ni baridi, Mama, ukungu unaingia mpaka ndani ya shuka, na kila asubuhi yeye ndiye aliyeamka kwanza akachemsha chai, akanisukumia kikombe: "Kunywa, Mtanga, usije ukafia hapa tukalaumiwa."

Siku ya pigano la mwisho mwongozaji aliniita kando. "Njeru anawaambia watu wewe ni mwoga. Anasema leo atakung'oa meno urudi kwenu kibogoyo."

Nilimwamini. Hata leo sijui kwa nini nilimwamini upesi vile.

Tulisimama kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa. Nilimwona Njeru ananitazama kwa macho ambayo sikuwa nayajua. Ngumi yake ya kwanza iliniingia mdomoni, nikasikia jino likivunjika. La pili nililimeza. Nikampiga teke la bega, mfupa ukalia kama ukuni mkavu, mkono wake wa kushoto ukaning'inia. Hakurudi nyuma. Alinipiga kichwa, pua ikafumuka, nikaona kila kitu chekundu. Tukaangushana, nikamkalia kifuani, nikampiga, nikampiga. Yeye alijikinga kwa mkono mmoja uliobaki.

Mwongozaji akapaza sauti, "Kata!"

Nikampiga tena mara mbili. Ile ya pili ilivunja taya.

Aliyenitoa pale ni mpishi wetu, mama mmoja wa Kiirua. Alinipiga mgongoni kwa mwiko wa ugali huku akilia, "Unaua mtu! Unaua mtu wa wenyewe!"

Tulifikishwa hospitali kule Nkubu kwa gari moja, mimi na yeye. Walimfunga taya kwa waya. Siku ya pili aliomba karatasi, akaandika: Kwa nini ulimtukana mama yangu?

Nikamwambia sijamtukana mamake, hata jina lake silijui. Nikamweleza niliyoambiwa mimi. Kisha akaandika: Ametugonganisha kama majogoo.

Tangu siku hiyo lawama zote akamtupia mwongozaji, ambaye alikuwa ameshaondoka na kamera zake. Nami nikanyamaza.

Baada ya miezi mitatu filamu ilionyeshwa hapa Kianjokoma, mchana, ukumbi umejaa, nami nikaja kutoka Nairobi kuitazama. Mama, watu walicheka! Walicheka kamba, walicheka mablanketi, walimcheka shujaa asiye na uso. Kisha likaja pigano letu, pakawa kimya. Niliuona uso wangu pale ninapompiga. Nilikuwa na furaha. Walikuwa wamekata pale pale sauti ya "kata" iliposikika, kwa hiyo yale mapigo mawili hayamo. Watu wakasimama, wakapiga makofi.

Mamake Njeru hakupiga. Alikuja mpaka nilipokaa. "Wewe ndio ulipiga mtoto yangu? Alikuwa ameanguka. Kwa nini hukuwacha?"

Njeru akawahi kusema, "Mama, hakuambiwa awache."

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Niliambiwa. Nilisikia, nikaendelea."

Njeru hakushtuka. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, "Najua. Hata mimi nilisikia. Ndio nikashusha mkono."

Miezi mitatu yote alikuwa anajua, Mama. Na alikuwa akinipigia simu kuuliza kama pua imepona.

Mamake alinitazama, kisha akasema, "Bega yake haijashika. Chai haingoji. Kesho asubuhi utakuja shamba."

Kwa hiyo niko hapa, wiki ya tano sasa. Nachuma majani mawili na chipukizi, nabeba kikapu mpaka kituo cha kupimia. Mamake Njeru ananipa chakula, haniiti jina. Sitarudi Nairobi wala Tanga mpaka bega lile lishike. Usiniambie nimefanya vizuri. Jana Njeru alisahau akacheka, akashika taya kwa maumivu, nami nikainamia michai nisimwone.

Nisalimie dada Mwanaidi na wanawe, mjomba Hamisi fundi cherehani, na bibi mzaa baba, umwambie nampa mkono. Niombee dua, na mwombee Njeru kwanza.

Mwanao,
Salimu