Mazoezi ku Gare

Kabedi mutoto wangu, bukari, ule ugali wa jioni, iko mu sufuria. Gawia wadogo wako.

Asubui, weye ukiwa ku maji, Hénoc, mupiga tarumbeta wa orkestra yetu, alikuja. Alisema mazoezi ya konseri za Noeli yamehamia ku gare. "Banaita waimbaji Bakasai tu, sisi wenye kutoka Kasai. Na baba Symphorien, bwana yako, alete violoni yake." Nikamuuliza, "Na wengine?" Akaangalia chini.

Ku gare ndiko banafukuzia sisi Bakasai na treni, kuturudisha Kasai. Na minye nilimuita ndugu!

~~Akirudi, mupe maji.~~ Akirudi, usimufungulie mulango. Baba yako asitoke mu chumba.

Naenda kuonya Mama Mathilde, mwimbaji mwenzangu, mbele atoke kwake kwenda ku gare. Nikirudi sitapiga hodi, nitaimba alto yangu, ile sauti ya chini ya banamuke mu kwaya. Ukisikia ni sauti yangu peke yake, hakuna mwengine naye, fungua.

Mama yako