Kilichobaki Kwenye Begi la Kamera

3 Machi

Mwanangu mpiga picha,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima, na wote unaokaa nao wazima. Mimi nipo, isipokuwa mgongo, na huo umeshakuwa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Mimi ni mama wa Njiti, bibi harusi wa tarehe mbili Desemba, ule ukumbi wa juu ya duka la vitanda. Nadhani unanikumbuka, ndimi niliyekuwa namfuata binti kila mahali na pini mdomoni. Yeye na shoga yake walikupa jina la Geuka Kidogo, kwa sababu siku nzima hukusema neno jingine.

Nimepiga simu yako mara nyingi, inaita tu. Desemba ulituma ujumbe kwamba picha na video bado unazisafisha. Januari ukatuma uleule. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Barua nampa karani wa mabasi, duka lako analijua.

Labda habari hazijakufikia. Njiti hatunaye. Aliumwa homa siku nne, ya tano hakuamka. Ilikuwa tarehe ishirini na saba Januari. Alikuwa ametimiza wiki nane kwenye nyumba yake.

Sasa mwanangu, sikuhimizi kwa ubaya. Picha za simu ninazo nne, waliopiga walikuwa mbali. Katika tatu ameangalia pembeni, ya nne amefumba macho. Nataka moja tu anayonitazama. Kama hujamaliza kuzisafisha, nitumie hivyohivyo zikiwa chafu.

Mama yako,
Mama Njiti


24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Karani anaapa kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi. Anasema uliisoma umesimama mlangoni, kisha ukafunga duka na mchana ulikuwa bado mkubwa.

Kama unaumwa, niambie. Kama na wewe umefiwa, niambie, tutapeana pole. Lakini niambie.

Mama Njiti


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nashindwa kukuuliza hali yako, maana naijua. Pole sana, Mama. Sikuwa nimesikia. Karani hakukudanganya, nilifunga duka, na sikulifungua siku tatu.

Mama, picha hazipo. Naandika hivyo mwanzoni ili nisije nikazunguka tena.

Unalikumbuka lile pipa la soda na barafu, lililokuwa nyuma ya meza ya keki? Begi langu la kamera nililiweka chini ya meza ile, zipu wazi, kwa sababu nilikuwa nabadilisha lenzi kila dakika. Wakati wa kucheza watu walisogeza meza, pipa likaegemea upande, maji yote yakaingia kwenye begi. Nilipogeuka, kamera zote mbili zilikuwa zimezama, na kinasa sauti, na kadi zenye picha za tangu asubuhi. Hakuna aliyeona. Muziki ulikuwa juu, na nyinyi mlikuwa mnacheza.

Nilitoka nalo hadi kwenye ngazi. Hapo nikafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa mwezi mmoja halifanyi. Niliwasha kamera nione kama bado inafanya kazi. Iliwaka, ikaonyesha uso wake kwenye kioo kwa muda wa kupepesa jicho, ikazima. Nikawasha tena. Usiku, nyumbani, nikazifukia zote kwenye mchele, kama watu wanavyofanya na simu, nikakaa nikisubiri.

Lakini kutoka ngazini kwanza nilirudi ukumbini nikaendelea kuinua kamera iliyokufa mbele ya wageni na kuwaambia wageuke kidogo. Baadaye nikakutumia ule ujumbe. Nilijua siku nikisema, hakuna atakayenipa tena harusi yake.



Mpiga picha


9 Aprili

Mpiga picha,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mume wake, akatoka nje kabla sijamaliza, mpaka sasa hajaniuliza mwisho wake.

Maji ni maji. Hata mimi ningeweza kulisukuma pipa lile kwa makalio yangu, ukumbi wenyewe ulivyokuwa umebanana. Silii kwa sababu ya maji.

Nakuuliza jambo moja. Desemba Njiti alikuwepo. Gauni nililomshonea lilikuwepo kabatini. Nyumba yake ni mwendo wa robo saa kutoka kwangu. Ungesema, tungemvalisha tena. Angesimama mlangoni pale penye mwanga, akacheka kidogo kwa kuona aibu, ukapiga hata tatu, ukaenda zako. Wiki nane alikuwepo. Wewe ulikuwa unasafisha nini?

Niandikie kilichobaki, kimoja kimoja. Na usinidanganye tena.

Fundi cherehani


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu.

Hilo la kumvalisha tena sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Sasa silali bila kulifikiria. Sitakuomba unisamehe, nitakueleza nilichofanya.

Nimekwenda kwa fundi wa kamera, mzee mmoja wanayemwita Bisibisi. Tangu Desemba nilikuwa nikimkwepa kwa sababu ya aibu. Alifungua kamera ya kwanza, akaimulika, akapuliza unga wa mchele uliokuwa umegandia kila kona.

"Hii ilikufa lini?" akaniuliza.

"Siku ilipoingia maji."

"Siyo. Maji hayakuiua. Uliiwasha." Alisema bila hata kuniangalia. "Ungetoa betri, ungetoa kadi, ukaiacha imelala wazi mbele ya feni, ukaniletea kesho yake, ungeondoka nayo inacheka."

Nikamwambia habari za Njiti. Akaweka bisibisi chini. Akanivutia kiti, akasema, kaa, leo utaosha wewe.

Wiki mbili nimekuwa kwake kila siku. Tumefungua vyote, skrubu tunazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wake. Bodi za ndani tumezisugua kwa mswaki na spiriti kuondoa kutu, tukazisuuza kwa yale maji safi ya kuongeza kwenye betri za gari, tukazianika kivulini. Jua hataki hata kulisikia. Lenzi zimeota ukungu kama mkate uliosahaulika, moja imekubali kusafishwa, nyingine amesema niizike.

Kilichobaki ni hiki. Kadi ya kamera kubwa imeungua, ndiyo iliyokuwa ndani nilipowasha. Humo ndimo alimokuwa yeye, na video yote. Bisibisi ameijaribu kwenye mashine tatu, na amempelekea mwenzake wa kompyuta, jibu ni lilelile. Kadi ya kamera ndogo imefunguka. Ina picha kumi na nne, nilizopiga asubuhi kabla watu hawajafika. Nimezichapisha zote, zimo kwenye bahasha hii. Yeye hayumo hata moja. Nimeona ni bora nikuandikie kabla hujaifungua.

Kinasa sauti bado hatujakifikia. Betri ilivujia ndani.

Mpiga picha


8 Mei

Mwanangu,

Habari za huko? Natumaini mnaendelea vizuri na huyo Bisibisi. Mwambie namsalimu.

Picha nimezipokea. Niliwaalika wifi zangu wawili, tukakaa kuziangalia kana kwamba ni albamu ya kweli. Viti. Viti vingine. Keki kabla haijakatwa. Wifi mkubwa akasema, "Angalau viti vimetoka vizuri," tukacheka mpaka tukalia, halafu tukalia tu.

Ile ya kumi na moja sikuwaonyesha. Gauni limening'inia dirishani, halina mtu ndani, na upepo umelijaza kidogo upande wa kifua. Niliitazama peke yangu. Nilishona gauni lile wiki tano, vifungo ishirini na mbili vya mgongoni nikavivika kitambaa kimoja kimoja kwa mkono. Tulimzika na gauni jingine. Hili mume wake ameomba abaki nalo, nikampa.

Bado nina hasira na wewe, sitakuficha. Lakini inakuja inaondoka. Nikifikiria umekaa na mswaki unasugua, inaondoka.

Mkikifikia hicho kinasa sauti, niandikie, hata kama hakina kitu. Nimeanza kusahau sauti yake. Niliambiwa sauti ndiyo ya kwanza kuondoka, sikuamini.

Mama Njiti


12 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi zako hamjambo. Nimechelewa, na safari hii kazi haikuwa sababu.

Kinasa sauti kilifunguka tarehe ishirini Mei. Bisibisi alitoa kijumba cha betri kizima, akaunga nyaya mpya, kikawasha taa. Kila kitu kimo, Mama. Sauti ya muda wa saa tano na nusu. Kicheko chake kimo, namna anavyowaita watu kimo, na alivyokuwa akiniigiza mimi na "geuka kidogo" yangu.

Nimekaa nacho wiki tatu kwa sababu ya dakika saba za mwanzo. Asubuhi ile nilimfungia kipaza sauti kidogo kisicho na waya ndani ya ukosi wa gauni mapema, nikijaribu, nikasahau kumwambia kwamba kinanasa. Basi kilinasa chumba cha kuvalia, kile cha ghorofa ya juu ya ukumbi, yeye na shoga yake. Anasema jambo ambalo sidhani alitaka ulisikie siku ile. Si ubaya juu yako. Lakini linaweza kukuumiza, na yeye hayupo wa kukuelezea.

Ningeweza kuzikata dakika hizo, usingejua kamwe. Nilishazikata mara mbili, nikazirudisha. Uliniambia nisikudanganye. Sema wewe, Mama. Nikate, au nilete yote?

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Lete yote.

Mama Njiti


15 Julai

Mwanangu,

Habari zako? Natumaini u mzima na kazi imeanza kurudi. Mimi nipo. Najua ulitarajia barua mapema, nisamehe, mkono ulikuwa mzito.

Flashi yenye sauti ilifika. Nilimwita shoga yake, yule aliyemfunga vifungo, aje na kompyuta yake. Nilimwambia ni sauti ya harusi, sikumwambia zaidi. Tulikaa chumba cha kushonea, nikafunga mlango.

Uliogopa nisikie kitu nisichokijua, kwa hiyo nakuandikia nilichosikia, ili mzigo huo usiubebe peke yako.

"Bado vingapi?" anauliza.

"Kumi na moja. Mama yako hana huruma." Wanacheka.

Halafu anasema, "Chuo wamenijibu. Nafasi ipo, wanaanza Januari."

"Umemwambia mama?"

"Nimemwambia mara mbili. Anasema tutaongea baada ya harusi." Anavuta pumzi, unasikia kitambaa kikikaza. "Sikutaka, unajua. Siyo yeye, yeye ni mtu mzuri. Sikutaka sasa."

"Basi tushuke tukawaambie. Mimi nitasema, wewe nyamaza tu."

"Na mama ameshona wiki tano, mgongo wote ule? Funga vifungo."

Shoga yake alitaka kuzima. Nikamshika mkono. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Binti wa watu aliinama, akajibu kwa adabu, "Mama, alikuambia."

Ni kweli, aliniambia. Mara ya kwanza nilikuwa napima kitambaa, nikamwambia ngoja nisije nikakosea. Mara ya pili alikuja na barua ya chuo mkononi, akasimama hapohapo ninapoandikia sasa. Nilimwona uso. Nilijua ni hapana, mwanangu, mama hashindwi kuijua. Lakini watu walikuwa wameshaalikwa, na mkwe alikuwa mtu mwema, na mimi nilikuwa nimechoka kuogopa kwamba nitakufa nimwache peke yake. Ndiyo hofu niliyokuwa nayo, kwamba mimi ndiye nitakayetangulia. Nikamwambia tutaongea baada ya harusi.

Baada ya harusi alikuja kwangu mara sita. Tuliongea habari za majirani.

Ulipoandika ile barua ya maji nilikuuliza wiki nane ulikuwa unasafisha nini. Maneno yale yamenirudia, naulizwa mimi kila asubuhi. Habari ya maji nimekusamehe. Iondoe moyoni, ufungue duka lako mapema, upige picha za watu.

Bado jambo moja, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mume wake amesikia kwamba sauti ipo. Alikuja jana, hakukaa, alisimama na kofia mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Anaomba nakala. Anasema usiku analaza lile gauni upande wa pili wa kitanda, na kwamba wiki nane zile ndizo alizowahi kuwa na furaha, na anaamini na mwenzake alikuwa nayo. Huenda alikuwa nayo. Njiti angeniambia, kama ningemuuliza.

Nilikukataza kudanganya, na sasa nakuagiza udanganye. Uongo huu ni wangu, wewe ni mkono tu. Mtengenezee nakala yake, dakika zile saba usiziweke. Akiuliza mbona mwanzo hauko, mwambie ni maji.

Nakala yake ianzie pale wanapotoka mlangoni wanashuka ngazi, yeye amekamata gauni kwa mikono miwili na anamwambia shoga yake aende polepole.

Mama yako,
Mama Njiti