Mafuta Ndani ya Elisi

Tata,

Miezi mitatu tangu tukuzike, na mi bado sijalia. Batu banasema niko na roho nguvu. Hapana. Niko tu. Asubuhi nafungua atelye yako ya kutengeneza motere, nafagia, mangaribi nafunga.

Juma iliyopita Mama Odile alileta motere ya mutumbwi yake, ile inavusha batu na makala ya kupikia pale ziwa ya Nzilo. Motere inalia sana, mutumbwi haitembei. Alisema nisipoitengeneza mpaka Jumamosi, ataipeleka mujini na hatarudi. Ye njo muteja wetu wa mwisho, Tata. Bengine balienda kisha matanga.

Siku mbili nilihangaika bure na karburatere, pale petroli inapita. Kisha nikakumbuka maneno yako: "Motere ikikimbia peke yake, angalia chini." Nikachukua rangi ya kucha ya yaya, dada yangu mukubwa, nikapiga musitari mumoja juu ya elisi, ile inazunguka mu maji na kusukuma mutumbwi, kutoka kichuma ya katikati mpaka kwenye mabawa. Nikarudisha motere kwenye mutumbwi, nikaingia mu maji, nikafungulia gazi mpaka ikalia sana. Kurudi, musitari ilikuwa imekatika, nusu huku, nusu kule. Mupira ya ndani, ile inashikanisha kichuma na mabawa, inateleza. Nilifurahi kidogo, nikageuka nikuonyeshe.

Nikaitoa. Ni ile mupira ulikata kwenye gurudumu ya kamyo ya mugodi, wiki yako ya mwisho ya kazi. Ilikuwa imelegea, inanuka mafuta. Mafuta, Tata. Wewe ulinichapa mukono juu ya hiyo: "Mupira inaingizwa na sabuni. Mafuta inaikula." Najua, mikono yako haikuwa tena na nguvu, ulitaka iingie bila kusukuma sana. Lakini mi nilikuwa hapo inje, naosha masufuria. Juu ya nini hukuniita? Hiyo njo inaniuma.

Nikakata ingine, nikaingiza na sabuni, nikaacha ikauke. Jumamosi mutumbwi ilitembea muzuri. Mama Odile atabaki na sisi, lakini sasa atasimama juu ya kichwa yangu kila nikikaza boloni. Aliuliza nani aliharibu. Nikasema ni mi.

Lala muzuri, Tata. Hata mama yangu sitamuambia kama ni wewe, nakuahidi. Kusikia ni mi, Mama Odile alisema, "Tata yako hangefanya hivi hata siku moja." Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Mutoto yako,
Mwadi