Bwana Funga na Kazi ya Gesi

Bondeni,
Sanduku la Posta 218,
Nakuru.
21 Julai 1957

Mpendwa Dada Hadiya,

Shikamoo. Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Hujambo huko Malindi? Mguu umepata nafuu? Na kifua cha baba watoto je? Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu inaingia mpaka mifupani, na mimi nimechoka, dada. Nimechoka kweli.

Kazi yangu unaijua: kuwafundisha vijana wa kila kabila Kiswahili cha kazi, wapate kuajiriwa kwenye kisima cha gesi upande wa Ravine. Gesi yenyewe hutoka ardhini, ndiyo ile inayotiwa kwenye soda ikakufanya upige mbweu mbele ya wageni. Kutwa nzima nasimama bandani: bomba, koki, spana, funga, fungua. Jioni sauti imenikauka.

Sasa habari za mwanao Darweshi. Ulimtuma kwangu apate kazi hii aisimamie nyumba, maana baba yake hawezi tena kazi nzito. Darasani aliwapita wote. Nilijivuna, nikajua huyu ameshapata.

Dada, Ijumaa alifukuzwa.

Mzungu anayewatahini, vijana humwita Bwana Funga. Kwake yeye neno fungua halipo. Akitaka koki ifungwe, husema funga; akitaka ifunguliwe, husema funga vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Siku hiyo aliwapanga mbele ya bomba la majaribio lililojaa maji. Maji yalipozidi nguvu alitaka yatolewe, akamfokea Darweshi, "Funga! Funga upesi!" Mwanao akafunga, tena akakaza, kama nilivyomfundisha. Bomba likapasuka kwenye kiungo, Mzungu akalowa kuanzia kofia hadi soksi.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini maneno yake yamenikaa rohoni: "Wewe hapana jua Kiswahili! Kwenda!"

Mtoto wa Malindi, hajui Kiswahili! Nilitaka kucheka nikashindwa.

Nilimuuliza Kiprugut, mmoja wa waliofaulu, yeye alifanyaje. "Sisi tunaangalia mkono yake tu, mwalimu," akasema. "Mdomo tumewachana nayo."

Nimekwenda kumwombea, na Bwana Funga amekubali kumjaribu tena Jumatano, mara hii tu. Darweshi alikataa. Alisema heri arudi kwenu kuliko kuitwa mjinga kwa lugha aliyonyonya. Tulibishana mpaka tukanuniana. Nilipomtajia wadogo zake, akainamisha kichwa, akasema, "Haya, mjomba."

Basi tangu jana namfundisha upya. Nikisema funga nimeinua mkono, anafungua. Nikiushusha, anafunga. Anashika upesi, masikini. Inaniuma, dada, kumharibia mtoto maneno uliyomfunza wewe, lakini sina nguvu tena za kushindana na watu hawa.

Muombee dua Jumatano. Nisalimie baba watoto, Samsam na shangazi Mboni. Mungu awape afya, na awape riziki isiyo na masimango.

Na Darweshi akija likizo, ukamwambia afunge mlango naye akaufungua, usimgombeze.

Nduguyo akupendaye daima,
Miraji