Risasi ya Vichakani

Jumapili, 6 Julai
Nimefua. Nimeipaka mafuta bunduki ya marehemu baba, siku hizi imeandikishwa kwa jina langu. Kibali cha kuwinda kimetoka: tandala mmoja. Mume wangu Yohana karuhusiwa kununua bunduki yake ya kwanza. Kaenda kwa Hamisi kuuliza achague risasi gani. Kwa Hamisi, seremala aliyehamia hapa Zuzu juzijuzi tu, eti naye huwinda. Mimi nimewinda na baba tangu usichana. Yohana analijua hilo. Hakuniuliza.

Jumatano, 9 Julai
Hamisi kaja tena. Kaniita shemeji, kanywa chai yangu, kasifia bunduki ya 243: risasi yake nyepesi, ina kasi, haiumizi bega la mpigaji. Yohana anacheka naye kicheko ambacho mimi sijakisikia siku nyingi.
Nina wivu. Niandike hivyo hivyo. Afadhali angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia.

Jumamosi, 19 Julai
Kanunua 243. Walienda mjini wote wawili.
Ni risasi nzuri, kwenye uwazi. Sisi tunawinda vichaka vya kule mbele ya Kolo, mnyama unamwona akiwa karibu kabisa. Kwa ukaribu ule risasi nyepesi ikigonga mfupa inapasuka hapo hapo, haiingii ndani. Baba alitumia 30-06 yenye kichwa kizito, butu. Haina haraka, lakini inafika.
Nilifungua mdomo nimwambie. Nikawasikia wanacheka uani. Nikaufunga.

Jumamosi, 2 Agosti
Tumerudi. 
Tulikuwa sisi watatu na askari wa wanyamapori. Tandala dume akatoka kichakani, karibu mno. Yohana akapiga. Begani. Mnyama akaanguka, akainuka, akakimbia kwa miguu mitatu.
Kabla sijamwonea huruma, nilifurahi.
Tulifuata damu asubuhi nzima. Alikuwa amelala chini ya mgunga, anahema. Nikammaliza mimi.
Tulipomchuna, risasi ya Yohana ilikuwa vipande vipande kwenye nyama ya bega. Mapafu hayakuguswa. Hamisi akasema kosa ni lake, yeye kazoea kuwinda mbugani. Alisema bila kuzunguka. Hata hilo liliniudhi.
Yohana akanigeukia. "Ulijua?"
"Nilijua."
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuniuliza."


Jumatatu, 4 Agosti
Nyama tumegawia majirani. Sikuila. Yohana analala kageukia ukutani. Nilidhani nikionekana nilikuwa sahihi roho itatulia. Najiona mchafu. Na wivu uko pale pale.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya ibada Yohana alinifuata jikoni. Akavuta kigoda, akakaa. Nilimwomba radhi kwa ajili ya yule mnyama. Akasema naye alikosea, aliona aibu kufundishwa na mkewe. Kisha akauliza kwa nini kichwa cha 30-06 ni butu, na kama bega lake litastahimili mshindo wake. Nikaeleza huku nasonga ugali. Aliuliza mengi. Ugali ukashika chini.
Hamisi akapiga hodi. Yohana akanitazama kwanza, hakuitikia.
Nikasema karibu, shemeji. Nikamtafutia pa kukaa. Halafu nikaanza kueleza tena mwanzo, ili naye asikie.