Asali Waliyoiogopa Wakwe

Neema anaolewa, Baba! Mjukuu wako! Watu wa Simbo wamekubali, tena wamekubali huku wanalamba vidole. Haya, sasa nikuamkie: shikamoo huko uliko. Sisi hapa Mwamgongo wazima, ila tunakukosa wewe.

Najua ungesema nishushe sauti. Ulikuwa unarudi kutoka msituni na paa mzima begani, ukiulizwa unasema, “Nimeokota kidogo tu.” Hapo sikukurithi. Mwanangu ni mkunga wa zahanati, mrefu, mpole, meno kama mahindi mabichi, na kijiji kizima nimekiambia. Nimezaa, nisiseme?

Sasa sikia. Mama yake Elia, huyo bwana harusi, alikuja na wazee wao kutuangalia. Roho yangu ilikuwa juu. Unakumbuka kule Burundi: sisi Watwa, watu wa kuwinda na kuokota, penye pombe tulipewa kibuyu chetu peke yetu, pembeni. Hata tulipovuka kuja huku Tanzania na wakimbizi wenzetu, wapo waliovuka na vibuyu hivyo akilini mwao. Nikasema leo nitajua kama hawa watakula nasi.

Nikapanda mlimani mwenyewe. Yule ndege anayeonyesha nyuki akaniita, nikamfuata, nikawaomba nyuki kama ulivyonifundisha, nikamwachia ndege kipande chake juu ya jiwe. Nyumbani nikaweka sinia la asali mbele ya wageni, nikakaa, nikasubiri.

Hawagusi! Mama Elia akasema, “Onja basi, Mama Neema.”

“Nyinyi kwanza.”

“Aa, wewe kwanza.”

“Nyinyi kwanza!”

Elia jasho linamtoka. Neema akaninong’oneza, “Mama, huku mwenyeji huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu.”

Sumu! Nusura nisimame niwafukuze. Nikajua basi, na hawa wamekuja na kibuyu chao. Lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, msitu hauna mlango, ila una Mwenyewe. Nikawaeleza polepole: kwetu aliyeokota hula mwisho, maana hakupanda yeye. Wa kwanza ni ndege aliyeonyesha, wa pili ni mgeni. Nikitangulia mimi, ni kama nasema asali ni yangu, na Imana, Mungu wetu, ananitazama.

Kisha Mama Elia akakunja mkono wa gauni. “Kama ndege kala, mimi ni nani?” Akatumbukiza vidole, akatafuna pamoja na nta, akafumba macho. “Hii ikiniua, nizikeni hapahapa!”

Halafu, Baba... akamega kipande kwa vidole vilevile, asali inachuruzika, akanitia mdomoni. Mimi, mtoto wako. Mbele ya wazee wao. Nilitafuna, nikalia, nikacheka, nikapaliwa, Neema akanigonga mgongo.

Nilidhani mafundisho yako tuliyaacha kule msituni tulikotoka. Kumbe nilikuja nayo.

Pumzika, Baba. Nakuahidi watoto wa Neema nitawapandisha mlimani, wajue kuomba kabla ya kuchuma. Kujisifu nitawafundisha pia, hilo ni langu.

Mashua imeshakodiwa, itawaleta watu wa Simbo wote kutoka Kigoma, na ndugu zetu wote nimewaita. Harusi ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.